Mkono wa Namba Kumi na Nne

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja wakiwa wazima wote wawili, mke alimwambia mume neno moja.

"Mkono."

Hakuongeza. Ndoa ya miaka thelathini na minane haihitaji hotuba. Mume, mwashi aliyeacha kazi kwa sababu ya goti bovu, alisogeza kikombe cha chai, akakunja shati mpaka kwenye kiwiko, akaulaza mkono wa kushoto juu ya meza ya jikoni, kiganja kikitazama dari. Mke alikuwa ameshafunga viatu vya kazini. Alitandika kitambaa cheupe, akapanga vitu vyake kama anayemtengea mgeni: kibano, saa yenye mshale wa sekunde, vichupa vya kioo, na boksi la vipande vya utepe wa gundi, vya duara, kila kimoja sawa na kizibo cha soda.

"Hujapaka kitu?"

"Nipake nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Siku tatu sijagusa mafuta. Si ndivyo ulivyoagiza?"

Huo ulikuwa uongo. Nusu saa kabla, mke alipokuwa bafuni, mwashi alifungua kabati, akachukua chupa ya mafuta ya kupikia, akajimiminia kidogo kiganjani, akausugua mkono mzima. Kisha akaufuta kwa kitambaa cha vyombo mpaka ukaacha kung'aa. Mafuta yale hayakuwa na harufu. Alijua kwamba vipande viwili vya kwanza hutupwa, kwa kuwa huchukua jasho na vumbi. Ndiyo desturi ya kazi ile. Akapiga hesabu yake: mafuta yataondoka na hivyo viwili, na chini itabaki ngozi iliyolainika. Ngozi ya kutazamika.

Mke alivaa glavu. Akabandika kipande cha kwanza, akakikandamiza kwa kidole gumba huku akitazama mshale, sekunde kumi, akakibandua kwa kibano, akakitupa. Cha pili akakitupa. Cha tatu akakitia kwenye kichupa. Alikwenda hivyo mpaka cha kumi na mbili, mahali palepale.

"Ukiimaliza ngozi hii utaipeleka wapi?" mume aliuliza.

"Nitaiwamba ngoma."

"Nani ataipiga?"

"Majirani zako. Wameisubiri siku nyingi."

Akaandika namba 14 kwenye kila kichupa, akafunga boksi, akachukua mkoba. Mlangoni aligeuka kusema kwamba chakula kiko kwenye sufuria na asile amesimama. Akaenda kazini. Saa kumi jioni alianguka kwenye ngazi za maabara. Kiharusi. Alilala hospitali siku tisa bila kutamka neno. Siku ya kumi akafa.

Pale kazini walimwita Mama Vioo. Alianza akiwa na miaka ishirini, kazi ya kuosha vyombo. Si vyombo vya kulia. Maabara ile ilichunguza mafuta ya ngozi ya binadamu, ngozi ile ya juu kabisa, nyembamba kuliko karatasi, ambayo mtu huibeba imekufa na kuipukutisha kutwa kucha bila kujua. Mafuta yaliyomo ni kidogo mno. Kidole kikigusa chombo, mafuta ya kidole yanayameza yale yanayotafutwa. Kwa hiyo mwosha vyombo ndiye anayeweza kuharibu kazi ya wasomi wote, na mara nyingi ndiye anayeiharibu. Yeye hakuiharibu. Aliosha kwa sabuni, kwa maji ya bomba, kwa maji ya mvuke uliopozwa, kwa dawa ya kuyeyusha mafuta, kisha akavichoma vyombo kwenye tanuri. Mkuu wa zamani aligundua kwamba siku ambazo yule binti hayupo majibu yanachafuka. Akamvalisha koti jeupe, akamfundisha yaliyobaki. Vyeti vilikuja baadaye, kimoja kimoja, kwa masomo ya jioni.

Mwashi alikutana naye humohumo. Alikuwa akijenga chumba cha nyongeza upande wa nyuma. Jua kali, koo limekauka kama gunia la saruji. Akaingia ndani, akaona gilasi zimepangwa kifudifudi juu ya kitambaa, akachukua moja, akakinga bombani, akanywa.

"Wewe! Hiyo nimeiosha mara saba!"

"Basi ni safi," alisema, akaongeza maji.

Alitolewa kwa fimbo ya ufagio. Kesho yake alirudi na kikombe chake cha bati, akaomba maji kwa adabu. Kikombe kile kilikuwa na saruji mpaka ukingoni, na yule binti alikitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mwenye kikombe. Baada ya mwaka na ushei wakaoana. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, ambaye sasa ana nyumba yake, mbali.

Siku za kazi Mama Vioo hakupaka mafuta mikononi. Miaka arobaini. Mikono yake ilipauka, ikapasuka kwenye viungo vya vidole, ikawa inakwaruza nguo. Jumamosi jioni tu ndipo alipojipaka, na Jumapili kabla ya kulala aliyaosha yote. Mganga hajigangi. Mumewe alizoea kusema kwamba yeye ameoa msasa.

"Na mimi nimeolewa na zege," mke alijibu. "Hatukupunjana."

Mwashi hakusoma. Alijua kuhesabu tofali na kusoma futi, basi. Mke alimweleza kazi yake kwa maneno ya kwake. Ngozi ya juu ni ukuta, alisema. Chembe zilizokufa ndizo tofali. Kati ya tofali na tofali kuna udongo. Hivyo ndivyo mafundi wanavyouita mchanganyiko wa mchanga na saruji unaoshika tofali. Udongo wa ngozi ni mafuta, na mafuta hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuta. Ukipungua, maji ya mwili yanavuja, ngozi inakauka na kuwasha.

"Ukuta wa udongo wa mafuta hausimami," mwashi alipinga.

"Umesimama miaka sabini. Si umeuvaa?"

Lugha hiyo ilikuwa ya nyumbani tu. Kule maabara walisema seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Hakuna aliyetaja tofali.

Utafiti wake wa mwisho ulikuwa wa wazee arobaini, kila mmoja mara tatu katika miaka miwili, ijulikane kwa nini ngozi ya uzeeni hukauka. Kila mzee alikuwa namba. Majina yalifungwa kwenye bahasha, bahasha ikapelekwa ofisi nyingine, isifunguliwe mpaka mwisho, ili anayesoma majibu asijue anamsoma nani. Wenye miguu mibovu walifuatwa majumbani. Mwashi alikuwa na goti. Mama Vioo ndiye aliyewazungukia, na yeye tu ndiye aliyejua nani ni nani. Hakumwambia mtu kwamba namba kumi na nne analala naye kitanda kimoja. Hata mkuu wa sasa, ambaye wote walimwita Daktari, hakujua.

Mara ya kwanza na ya pili mwashi alitoa mkono mkavu, bila hila. Baada ya ile ya pili, jioni wakiwa mezani, aliuliza majibu yake.

"Namba kumi na nne?" mke alisema. "Udongo wake mchache."

"Mchache vipi?"

"Mchache. Mistari yake myembamba kuliko ya wenzake. Ukuta wa mkandarasi mwizi."

Akacheka, akaendelea kula. Mwashi hakucheka. Mwambie mwashi kwamba nyumbani kwake hakuna chumvi, atakusamehe. Mwambie ukuta wake umeibiwa saruji, umemtukana yeye na fundi aliyemfundisha. Alijua ni mzaha. Lakini ulimwingia, ukakaa. Kwa miezi aliutazama mkono wake dirishani, akiugeuza huku na huku. Ulikuwa umepauka, una mistari kama kiwanja kilichokaukiwa na maji. Hakumwambia mkewe. Mpaka ikafika asubuhi ile ya chupa ya mafuta.

Wiki ya tatu baada ya maziko, siku ya Alhamisi, mwanamke mmoja alibisha hodi. Alikuwa mfanyakazi mwenza wa marehemu, mwenye watoto wawili, aliyefundishwa kazi na Mama Vioo tangu kushika kibano. Nyumbani mke alimtaja kila siku kama Meza ya Pili, kwa sababu ya mahali alipokaa, na mwashi hakujua jina lake jingine. Alikuwa ameleta koti jeupe, ndara, kikombe na miwani ya akiba kwenye mfuko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Mtu anayekaa ukingoni ana neno.

"Sema," mwashi alimwambia. "Nimeshazika. Hakuna la kunishtua."

"Baba, wanataka kuifuta kazi ya mama."

"Kuifuta vipi?"

"Vioo vyake vyote vya miezi sita. Watasema havifai."

Akaeleza, taratibu, kama aliyezoea kufundishwa taratibu. Siku ile alipoanguka, Mama Vioo alikuwa amemaliza kioo kimoja mchana, kibao cha kioo ambacho mafuta ya ngozi hujionyesha juu yake kama mistari. Kwenye kioo kile mzee mmoja alionyesha mstari mnene wa mafuta ambayo kwenye mkono huwa kidogo tu. Ni mafuta ya aina inayobaki kidole kikigusa kitu baada ya kugusa nywele au chakula. Daktari alipokiona alisema mkono wa Mama Vioo ulikosea. Kwenye daftari, pembeni ya namba ile, marehemu alikuwa ameandika "irudiwe", bila sababu. Yeye ambaye hakuwahi kuandika neno bila sababu.

"Halafu kuna jingine," Meza ya Pili alisema, akishusha macho. "Alipokuwa anakitazama kile kioo alisema maneno yasiyoeleweka. Nilikuwa karibu. Mimi ndiye niliyemwambia Daktari. Wale wa hospitali waliuliza ugonjwa ulianza saa ngapi, nikadhani nasaidia."

"Na Daktari akasemaje?"

"Akasema ugonjwa wa kichwa hauanzi siku mtu anapoanguka. Unaanza nyuma, polepole. Kama mchana ule akili ilikuwa imeshayumba, na mkono ulikuwa umeshaanza kugusa ovyo, nani ajuaye ulianza lini? Bora kutoa vyote kuliko kubaki na wasiwasi. Si mtu mbaya, baba. Ndivyo kazi ilivyo."

"Na jina lake?"

"Litatoka kwa walioandika utafiti. Litabaki kwenye sehemu ya makosa. Jumatatu anaandika barua ya kuvifuta vioo."

Mwashi alimmiminia chai.

"Kioo hicho ni cha nani?"

"Namba kumi na nne."

"Ndiye nani?"

"Hatujui, baba. Bahasha haijafunguliwa."

Aliitikia kwa kichwa. Meza ya Pili alikunywa nusu kikombe, akaaga. Mwashi alimsindikiza mpaka njiani kwa mwendo wa goti lake, wala hakumwambia namba kumi na nne ni nani. Kusema kulikuwa sawa na kukiri kwamba neno lake la mwisho la maana kwa mkewe lilikuwa uongo.

Aliporudi ndani alimpigia simu binti yake.

"Baba, achana nao," binti alisema baada ya kusikiliza yote. "Mama amepumzika."

"Jina lake halijapumzika."

"Sasa utaenda kuwaambia nini wale wasomi? Kwamba ulijipikia mkono?"

"Nilijipaka."

"Watakucheka, baba."

"Wacheke."

Binti aliuliza jingine.

"Kwa nini hukumwambia mama palepale?"

"Alikuwa anachelewa kazini," mwashi alisema.

Akaaga, akakata simu.

Fundi haaminiwi kwa mdomo. Ukisema ukuta umenyooka, mwenye nyumba anakwambia lete timazi. Mwashi alilijua hilo kabla hajajua kunyoa. Kwa hiyo Alhamisi ileile aliacha kupaka mafuta, mikono yote miwili. Ijumaa hakupaka, wala Jumamosi, wala Jumapili. Mikono ikawasha, akaiacha iwashe. Jumatatu asubuhi alifungua kabati, akatoa chupa ileile, akamimina kipimo kilekile, akausugua mkono wa kushoto, akaufuta kwa kitambaa kilekile cha vyombo. Wa kulia akauacha. Chupa akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akavaa shati la mikono mirefu, akaondoka.

Getini mlinzi alichungulia mfuko.

"Mzee, hapa hatununui mafuta."

"Siuzi. Nimeleta mkono."

Mlinzi alimtazama mikono yote miwili, akaona ipo, akampa kitabu asaini. Mwashi akaweka alama yake.

Daktari alikuwa mrefu, mwenye sauti ya mtu anayesoma. Alisimama, akampa mkono, akakumbuka desturi ya mahali pale ya kutogusana mikono, akaurudisha mfukoni, kisha akautoa tena.

"Pole sana, mzee wangu. Mama Vioo alikuwa nguzo yetu."

"Nguzo ndiyo mnataka kuing'oa leo."

Daktari akamtazama Meza ya Pili. Meza ya Pili akatazama sakafu.

"Namba kumi na nne ni mimi," mwashi alisema.

"Mzee, hukupaswa kunitajia hilo." Daktari aliinua viganja kana kwamba jina lile lingemrukia. "Bahasha bado..."

"Nimeshataja. Siku ile nilijipaka mafuta ya kupikia kabla hajanibandika utepe. Aliniuliza, nikamwambia sijapaka. Mkono uliokosea ni wangu. Wake haukugusa kitu."

Daktari alichagua maneno kama anayeokota vigae peku.

"Nakuheshimu, mzee. Lakini nisamehe. Mume anaweza kusema lolote kwa ajili ya mkewe. Hata mimi ningesema."

"Ndiyo maana sikuleta mdomo peke yake."

Akaiweka chupa mezani. Akakunja mikono yote miwili ya shati.

"Huu una mafuta ya chupa hii, nimeyapaka kama siku ile. Huu una siku nne haujapakwa. Pimeni. Barua iandikwe baadaye, haiozi."

Daktari alitazama saa, akaitazama mikono. Halafu akamwonyesha Meza ya Pili kiti.

Walimkalisha kwenye stuli ya marehemu, kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Meza ya Pili alivaa glavu. Viwili vya kwanza akavitupa, kumi akaviweka, mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Alikandamiza kwa kidole gumba huku akitazama mshale, vilevile. Vipande akavitia kwenye vichupa vyenye maji makali ya kunukia utamu, akavitikisa, akamimina maji yale kwenye vichupa vingine, akapuliza hewa ya mtungi juu yake mpaka yakakauka, na chini hakukubaki kitu cha kuonekana kwa macho.

"Yameisha?" mwashi aliuliza.

"Yapo, baba. Hayo ndiyo yenyewe."

Alichukua kioo bapa kilichopakwa unga mweupe, laini kuliko lipu ya mwisho ambayo fundi hupaka ukutani. Kwa mrija mwembamba kama unywele wa paka akadondoshea chini ya kioo alama tatu: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, na tone la mafuta yenyewe ya chupa, lililozimuliwa sana. Akakisimamisha kioo ndani ya mtungi wa kioo wenye maji kidogo ya dawa chini, akafunika.

"Sasa tunasubiri."

Maji yalianza kupanda yenyewe kwenye unga. Mwashi alisogeza stuli. Alikuwa ameona hivyo mara nyingi, unyevu ukipanda ukuta ambao fundi amesahau kuuwekea nailoni kwenye msingi. Kwake ilikuwa aibu ya kazi. Hapa ilikuwa ndiyo kazi. Meza ya Pili alimweleza kwamba maji yale yanabeba kila mafuta kwa kadiri yake: mengine yanachoka mapema na kubaki chini, mengine yanafika karibu na juu. Yanapoishia, hapo ndipo jina lake. Mwashi aliuliza kama mkewe alikaa hivi kila siku akisubiri. Meza ya Pili akasema hapana, alikuwa akisubiri amesimama, na akiongea na vioo.

"Anaviambia nini?"

"Anavisema. Anavitania. 'Panda basi, unangoja nini, harusi?' Tulishazoea."

Kioo kilitoka, kikakaushwa, kikachovywa kwenye dawa nyingine, kikaingizwa kwenye tanuri dogo. Daktari alirudi na kusimama nyuma, mikono mgongoni. Mistari ilianza kutokea, kwanza ya manjano, kisha ya kahawia, mwisho myeusi, kama maandishi yanayoamka.

Mkono wa kulia ulikuwa na mistari yake chini na katikati, myembamba, imetulia. Wa kushoto ulikuwa na ileile, na juu yake mstari mnene, mweusi, umevimba. Tone la chupa lilikuwa na mstari mmoja mkubwa, sawasawa na ule.

Daktari alikwenda kwenye droo, akatoa kioo cha siku ile, akavilaza viwili bega kwa bega, akaweka rula. Akapima. Akapima tena. Akavua miwani, akapima mara ya tatu kwa macho matupu.

"Ni hayohayo," alisema.

"Viwili vya kwanza si hutupwa?" mwashi aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa rohoni siku zote. "Nilidhani yataondoka navyo."

"Yanazama, mzee. Mafuta hayakai juu kama vumbi. Yanaingia katikati ya chembe."

Mwashi aliitikia. Alitazama mistari ya mkono wake wa kulia.

"Mchache kweli," alisema.

"Nini kichache?"

"Si kitu."

Daktari aligeukia daftari la marehemu, akaweka kidole kwenye neno moja. "Na hili 'irudiwe'? Kama aliyatambua ni mafuta ya kupakwa, kwa nini hakuandika?"

Meza ya Pili ndiye aliyejibu, na sauti yake ilipanda kuliko alivyokusudia. "Kwa sababu alikuwa hajamuuliza mwenyewe. Alitufundisha hivyo sote, Daktari, hata wewe ulikuwepo. Usiandike kosa la mtu kabla hujamuuliza."

Daktari akakubali kwamba alikuwepo. Akakaa. Akasema kioo kile kimoja kitatolewa, kwa sababu kina mafuta ya jikoni ndani yake, lakini mkono wa marehemu haukuwa mchafu. Kisha akakuna shavu. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki ana tabu moja: hawezi kuacha msumari umechomoza nusu.

"Limebaki jambo moja, mzee, nalo mafuta hayalielezi. Mchana ule, mbele ya kioo hiki, alisema maneno yasiyo na maana. Kama akili ilikuwa imeshayumba saa nane mchana, bado siwezi kujua iliyumba tangu lini. Vioo vya miezi sita vinaning'inia kwenye maneno hayo."

"Alisema nini?"

"Sikumbuki. Kuhusu ujenzi."

Mwashi akamgeukia Meza ya Pili. "Wewe ulikuwepo. Alisema nini hasa? Neno kwa neno."

Meza ya Pili alisema anayo, aliyaandika siku ileile kwenye karatasi kwa ajili ya wale wa hospitali, asije akayasahau. Aliitoa kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne. Akaeleza kwamba Mama Vioo alikuwa amekiinua kioo kwenye mwanga wa dirisha, akacheka peke yake kwa muda, ndipo akayasema. Akaikunjua karatasi, akamwomba baba radhi kwanza, akasoma:

"Nilimtania kwamba udongo wake mchache, mzee wa watu akaenda kupiga lipu. Kesho nitamwomba radhi, halafu nitamsugua kwa sabuni."